Sauti ya Nyuma ya Mlango

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini walimwita Mkasi, mtaani Mkasi, na watoto wa kaka yake walimwita shangazi Mkasi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukata. Hakuwa anakata nguo wala nywele. Alikata video za harusi: anachukua mchana kutwa na usiku kucha wa watu wanaokula, wanaocheza, wanaolia na kukanyagana magauni, anaupunguza mpaka unabaki muda mfupi ambao ndani yake kila mtu ni mzuri. Mjomba akichokonoa meno, anaondolewa. Mshereheshaji akikosea jina la bibi harusi, kosa linaondolewa, na bibi harusi mwenyewe akija kuangalia anaapa kwamba siku ile hakuna aliyekosea. Wateja walimwambia mikono yake ina dawa, na yeye aliamini, maana sifa hazina mtu anayezikataa.

Mama yake alifundisha darasa la kwanza mpaka alipostaafu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, wakiwemo wazee waliomzidi umri. Saratani ilimwanzia kwenye titi la kushoto. Walimfanyia upasuaji, kisha daktari akampangia dawa za dripu kila baada ya wiki tatu. Lilipokuja suala la nani atamsindikiza, halikuchukua muda. Kaka mtu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, leo yuko huku, kesho yuko mpakani. Wifi alikuwa na genge lake sokoni, na genge lisipofunguliwa siku mbili wateja wanahamia kwa jirani. Mkasi ndiye aliyekuwa hana bosi. Kazi yake yote ilikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta inabebeka. Basi ikawa yeye.

Chumba cha dripu kilikuwa na viti sita vya kuegemea, vya ngozi bandia ya kijani iliyochanika mikononi na kuzibwa kwa plasta ile ile ya kufungia vidonda. Kando ya kila kiti kulikuwa na nguzo ya dripu, na kando ya nguzo kiti cha plastiki cha msindikizaji. Chumba kilinuka spiriti na dawa ya kudekia. Mlango ulikuwa wa kioo nusu, na nje yake korido yenye benchi refu ambalo siku zote lilikuwa na mtu amelala.

Mishipa ya Mwalimu ilikuwa imeshaanza kugoma. Sista, yule muuguzi wa chumba kile, mama wa makamo mwenye sauti nene na mkono mwepesi, alikuwa akiutafuta mshipa kwa kidole, anaupapasa, anaubembeleza, anachoma, haupo. Anachoma tena. Mwalimu alikuwa anajikaza kisabuni, lakini tumbo lake halikujua kujikaza. Likisikia tu harufu ya spiriti lilikuwa linapinduka, dawa yenyewe haijaingia hata tone. Na dawa ikishaingia ndiyo usiseme.

Hapa lazima tuseme ukweli, tusiisingizie kompyuta. Mkasi alikuwa anaogopa. Mwanamke mzima, anayepanda ngazi ya futi ishirini kufunga taa ukumbini, akiiona sindano alikuwa anatafuta pa kutokea. Na zaidi ya sindano alikuwa anaogopa uso wa mama yake wakati wa sindano. Kwa hiyo siku ya kwanza tu alifungua kompyuta kwenye magoti akajizika kwa maharusi, na siku ya pili akapata simu ya kupokea nje, simu ambayo, kati yetu sisi, haikuwa imelia.

Mwalimu alikuwa hataki makubwa. Alitaka mwanawe huyu wa mwisho akae kwenye kile kiti cha plastiki mpaka dripu iishe. Alilisema waziwazi, maana alikuwa si mtu wa kuzungukazunguka.

"Ukikaa hapo saa zinakwenda," alimwambia. "Ukitoka, ile chupa nayo inagoma."

"Nipo, mama. Natoka mara moja tu, kuna mteja."

"Haya. Mteja naye ni mtu."

Ndipo siku hiyo hiyo sista akaja na kisanduku cheupe. Ndani yake mlikuwa na miwani mikubwa myeusi, ya kuziba macho yote mawili mpaka kwenye paji la uso, na mkanda wa kufungia kisogoni. Kulikuwa na mradi, alieleza. Mgonjwa anavaa, anaona yuko mahali pengine, akigeuza kichwa anaona pande zote kana kwamba yuko huko kweli, na wakati akili iko huko, mwili huku unachomwa bila fujo. Kichefuchefu kinapungua, na hofu inapungua.

"Daktari anauita uhalisia pepe," sista alisema.

"Pepe?" Mwalimu akamtazama kwa jicho la darasani. "Umri huu mnaniletea mambo ya mapepo?"

Chumba kizima kilicheka, hata mzee wa kiti cha kona ambaye alikuwa hajacheka tangu waanze naye. Mwalimu akavalishwa. Akajikuta chini ya maji, samaki wanampita masikioni. Alivumilia kidogo, kisha akaomba avuliwe haraka, na beseni lisiwe mbali. Walijaribu msitu. Alisema msitu ni mzuri ila hauna mtu hata mmoja, na mahali pasipo na mtu yeye hajui afanye nini.

Mkasi alikuwa amerudi wakati huo, akayasikia maneno hayo, na kichwa chake kikaanza kuchemka. Hili lilikuwa jambo la fani yake. Kamera ya kupiga pande zote alikuwa nayo, aliinunua kwa ajili ya maharusi wenye makuu, na ilikuwa inakaa kabatini. Kama mama anataka watu, atapata watu. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie nyumbani, aliona kuna kitu anachoweza kukifanya vizuri.

Nafasi ilipatikana Mwalimu alipolazwa siku chache kuongezewa damu. Kaka alikuwa amerudi safari. Mkasi aliwakusanya sebuleni: kaka, wifi, mama mdogo ambaye ni mdogo wake Mwalimu, na mtoto wa kaka, msichana wa miaka sita waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki. Kamera ilikuwa ndogo, jicho mbele, jicho nyuma. Mkasi aliiweka juu ya kigoda kwenye kiti cha mama yake, kile cha karibu na dirisha, kwenye kimo cha kichwa chake kabisa, ili Mwalimu akivaa miwani aone amekaa pale pale anapokaa siku zote na watu wake wamemzunguka.

Kamera ya namna hiyo ina kanuni yake moja: anayeipiga hana pa kusimama. Inaona mbele, nyuma, kushoto na kulia kwa pamoja, na popote atakapojibanza ameingia kwenye picha. Mkasi akatoka, akaurudisha mlango wa sebule nyuma yake, akabaki kule na simu mkononi akiiongoza kamera kutoka kwenye giza la makoti na miavuli iliyotundikwa.

Ndani, watu wakakauka. Kaka akakaa kama anasubiri hukumu. Mama mdogo, aliyekuja amepaka rangi ya mdomo na kuvaa wigi la sikukuu, akaganda akitabasamu. Mkasi akaona kwenye simu, uvumilivu ukamwishia.

"Jamani!" alifoka kutoka nyuma ya mlango. "Mnapigwa picha za paspoti? Ongeeni! Bishaneni kama siku zote! Kaka, toa mkono mfukoni!"

"Huyu mtoto tumembeba mgongoni wenyewe," kaka akawaambia wenzake, "leo anatufokea."

"Na mlinibeba vibaya ndiyo maana nimekuwa hivi!"

Wakapasuka kwa kicheko, na kuanzia hapo mambo yakanyooka. Wifi akaanza kumsema kaka kuhusu viatu vyake. Mama mdogo akasimulia kisa cha jirani aliyegombana na mita ya maji. Mkasi alikohoa kule alikokuwa, vumbi la makoti limemwingia. Redio akageukia mlango akaita, "Shangazi, njoo na wewe ukae huku!"

"Nakuja, nakuja! Endeleeni kwanza!"

Hakwenda. Angekwenda vipi, na ndiye mwenye kazi?

Siku ya dripu ya tatu Mwalimu alivaa miwani kwa shingo upande, akidhani ni samaki tena. Kisha mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe, kidole kikaanza kuhesabu watu hewani kama alivyozoea kufanya kila asubuhi ya kazi yake.

"Mkubwa yupo. Mke wake yupo. Redio, shuka kwenye kochi na viatu vyako! Na huyu mdogo wangu na mdomo mwekundu hivi, anakwenda wapi?" Akasikia mtu anafoka, akageuza kichwa upande wa kushoto, akacheka mpaka nguzo ya dripu ikatikisika. "He! Anawagombeza! Msikieni anavyowagombeza!"

Sista hakupoteza muda. Aliuwahi mshipa, akachoma, ukakubali mara moja. Mwalimu alisema "uwi" kidogo tu, kama mtu aliyekanyagwa kwenye foleni, akaendelea kucheka.

Alipovuliwa alimtafuta Mkasi kwa macho.

"Wote nimewaona. Wewe uko wapi?"

"Niko nyuma ya mlango, mama. Hiyo kamera inaona kila mahali, lazima nijifiche."

"Sasa utajificha mpaka lini?"

"Nitairudia. Nitaweka mtu mwingine aendeshe, na mimi niingie."

"Uingie," Mwalimu alisema. "Ukae hapo karibu na Redio. Pana nafasi."

Mkasi aliahidi, na alikuwa anamaanisha. Lakini kitu kimoja alikiona siku ile, na ndicho alichoondoka nacho: mama akivaa miwani, mama anatulia. Na mama akitulia, msindikizaji anaweza kutoka bila dhambi. Tangu siku hiyo akawa na mpango. Anamfikisha Mwalimu kwenye kiti, anamfunga miwani mwenyewe kwa upendo, anarekebisha mkanda usimbane masikio, anambonyezea, kisha anatoka kwenye benchi la korido na kompyuta yake. Alijiambia kwamba hata akikaa mle ndani, mama hamwoni, amezibwa macho. Faida yake nini?

Hata dripu ya nne haijafika, sista akamletea habari. Wageni wa mradi watakuja kuona wagonjwa, na daktari ameomba ile video ya sebuleni ya Mwalimu iwe ndiyo ya mfano, maana wengine wote wana samaki.

Ukimwambia fundi kwamba kazi yake itaonwa na wageni, umemtia wazimu. Mkasi alirudi nyumbani akaitazama tena video yake kwa jicho la mteja, na akaona haya. Dirisha lilikuwa linamulika sana. Miguu ya kigoda ilionekana mtu akitazama chini. Na sauti! Sauti yake mwenyewe kutoka nyuma ya mlango, inafoka, inakohoa, inasema nakuja nakuja, kama mpita njia aliyeingia kwenye picha ya harusi ya watu. Katika maisha yake yote ya kazi, sauti ya mpiga picha ndiyo ilikuwa ya kwanza kuondolewa. Ni utovu wa adabu wa kazi, kama seremala kukuachia misumari nje.

Akakaa nayo siku mbili. Akatuliza mwanga. Akaifuta miguu ya kigoda, sakafu ikaonekana safi. Akaikata sauti yake, neno kwa neno, kikohozi kwa kikohozi, na mahali palipokuwa na kufoka akaweka muziki laini usiokuwa na fujo. Ilipofika pale Redio anapoita shangazi, akaona jibu halipo, swali litaning'inia, basi akalikata na lenyewe. Alipomaliza aliangalia mwanzo hadi mwisho, akaridhika. Kadi ya kamera ilikuwa imejaa na Jumamosi palikuwa na harusi mbili. Akazifuta zile video za mwanzo zote. Hilo ndilo kosa alilolifanya, na aliliita usafi.

Kuhusu kuirudia na yeye awemo, hakusahau. Ila kaka alikuwa safarini. Kaka aliporudi, mapazia yalikuwa yamefuliwa yananing'inia nje. Mapazia yaliporudi, mama mdogo alikuwa anaumwa jino. Kila wiki ilikuwa na sababu yake nzuri, na kila sababu alimpelekea mama, na mama alisema haya.

Kwenye dripu ya nne aliitoa ile ya zamani kwenye miwani, akaweka mpya, akamvalisha mama yake, akasimama pembeni asubiri sifa. Mwalimu aliinua kidole, akawahesabu wake. Kisha akageuza kichwa kushoto, akakaa hivyo. Akasubiri. Mkasi alifikiri anashangaa dirisha.

"Unaonaje, mama?"

"Imekuwa nzuri," Mwalimu alisema kutoka ndani ya miwani. "Imetulia."

"Nimetoa makosa yote."

"Ile ya kwanza bado ipo?"

"Ya nini tena, mama? Ilikuwa na kelele. Nimeshaifuta."

Mkono wa Mwalimu ulipapasa pembeni, ukakigusa kile kiti cha plastiki, ukaona hakina mtu.

"Kaa kidogo," alisema.

"Narudi sasa hivi. Tazama kwanza, mpaka iishe nitakuwa nimerudi."

Na alirudi, lakini wakati huo dripu yenyewe ilikuwa imekwisha, si video tu. Huko alikokuwa hapakuwa mbali. Alikuwa kwenye benchi, kompyuta iko wazi, bibi harusi wa watu amesimama mdomo wazi kwenye kioo, na Mkasi anatazama ukuta wa pili wa korido ambako mtu alikuwa amebandika tangazo la kunawa mikono. Mara moja alinyanyuka akachungulia kwenye kioo cha mlango. Aliona kisogo cha mama yake, kichwa kimeelekea kando. Akasema amelala, nisimsumbue, akarudi kuketi. Mtu akitaka kukimbia hakosi maneno mazuri ya kujiambia.

Wageni wa mradi walikuja kwenye dripu ya tano, wakavaa miwani kwa zamu, wakawasalimia kaka na wifi hewani, wakasema haijapata kutokea. Mmoja alimuuliza Mkasi amesomea wapi. Siku ile alifurahi, na tusimnyime furaha yake, maana ilikuwa ya mwisho mwisho.

Dripu ya sita haikuwepo. Daktari aliwaita ofisini, akaizungushazungusha kalamu, akasema dawa haifui dafu tena, ugonjwa umeingia kwenye ini. Mwalimu alimsikiliza mpaka akamaliza, akamshukuru kwa kusema mambo yanayoeleweka, akaomba apelekwe nyumbani. Mkasi ndiye aliyelia. Mama yake alimpa leso.

Nyumbani Mkasi alishika mambo kwa kasi. Safari hii hakuna mapazia wala jino. Alimpigia kaka arudi hata kwa kupanda gari la watu, akamtafuta kijana wa kumwendeshea kamera, akapanga Jumapili. Mwalimu alipoambiwa, alitikisa kichwa juu ya mto.

"Si lazima tena, mwanangu. Mmekuwa wengi humu ndani, nawaona hivi hivi."

"Jumapili tu, mama. Nitaingia na mimi."

"Haya. Jumapili."

Alifariki Ijumaa asubuhi, mama mdogo akiwa amemshika mkono. Mkasi alikuwa ametoka kupeleka kazi ya mteja, ili Jumapili awe huru.

Baada ya maziko, watu wakianza kurudi kwao, mama mdogo alimwomba jambo moja, na aliliomba kwa upole kabisa, kama kitu ambacho mtu wa kazi hiyo lazima anacho. "Tuwekee hata kidogo, tumwone dada akitembea, akicheka. Wewe si ndiye mwenye video?"

Mkasi aliingia chumbani akafunga mlango. Alitafuta mpaka macho yakauma. Alikuwa na mama za watu chungu nzima. Mama wakilia ukumbini, mama wakicheza na vigelegele, mama wakiwafunga wanao mashela na kusahau wanapigwa picha, wote amewakata vizuri na kuwahifadhi. Wa kwake hakumpata. Kulikuwa na picha za simu, za mbali, za kundi. Akavaa miwani, ile ambayo sista aliwaazima walipotoka hospitali, akafungua video ya sebuleni, akageuka kulia, akageuka kushoto, akatazama chini. Kaka yupo, wifi yupo. Mama hayumo, na asingekuwemo, kwa sababu kamera ilikuwa imekaa kwenye kiti chake. Mkasi alijikuta ameketi mahali pa mama yake, watu wote wanamtazama yeye, na hata kigoda kilichokuwa chini yake alikwisha kukifuta.

Akakumbuka kwamba siku ya wageni sista alikuwa anapiga picha. Kesho yake akaenda hospitali.

Sista alimpokea kwenye korido, akampa pole, akamshika mikono yote miwili. Alisema picha zipo, tena si za siku moja, alikuwa anazipiga kila mara kwa ajili ya mradi. Wakakaa kwenye lile benchi. Sista akafungua simu.

Ya kwanza ilikuwa ya dripu ya tatu. Mwalimu ameegemea, miwani usoni, kichwa kimegeukia kushoto, mdomo wazi kwa kicheko mpaka pengo lake la jino linaonekana. Mkasi alicheka naye, na machozi yakamtoka hapo hapo. Ya pili ilikuwa ya dripu ya nne. Kichwa kimegeukia kushoto, mdomo umefungwa. Nyingine ya siku hiyo hiyo vivyo hivyo. Ya wageni vivyo hivyo: wageni wamesimama mbele yake wanatabasamu, na yeye shingo imekwenda upande ule ule.

"Mbona kila mahali ametazama huku?" Mkasi aliuliza. "Kulikuwa na shida ya miwani?"

Sista alimtazama kidogo, kama anayeamua.

"Miwani haikuwa na shida, dada. Alikuwa anautazama mlango."

"Mlango gani?"

"Wa sebuleni kwenu. Ile ya kwanza, si ulikuwa unasikika nyuma ya mlango? Unawafokea, unakohoa, unasema nakuja? Aliniambia, huyo ndiye mwanangu. Siku ile ulipotoka aliniomba nimrudishie mara tatu pale pale. Alisema dripu ijayo, akisikia nakuja, ndipo mimi nichome." Sista alishusha sauti. "Halafu ukaleta ile nyingine. Nikamwona anageuka, anangoja, kimya. Nikadhani imeganda. Akasema haijaganda, ila mtu wake ametoka."

Mkasi aliirudia picha ya kwanza, akailinganisha na ya pili.

"Na aliendelea kugeuka?" aliuliza.

"Mpaka ya mwisho. Nikamuuliza, nimwambie akurudishie? Akanikataza kabisa. Alisema umehangaika sana na ile kazi, ukijua utajisikia vibaya."

"Sista, mimi nilikuwa hapa," Mkasi alisema, akiugonga ubao wa benchi kwa kiganja. "Si ungeniita tu? Nilikuwa hapa hapa."

"Alijua. Nikiingia kubadilisha chupa alikuwa ananiuliza kama bado upo nje. Nasema yupo, mama, nikamwite? Ananiambia, mwache, anafanya kazi."

Ndani, mashine ya dripu ya mtu ilianza kulia. Sista alimwachia simu aendelee kutazama picha, akaingia haraka. Mkasi alibaki peke yake kwenye benchi. Alitaka sana kumwambia mtu kwamba hakuwa anafanya kazi, kwamba saa nyingi kati ya zile alikaa tu pale akitazama tangazo la kunawa mikono, akiogopa sindano isiyokuwa yake. Lakini ambaye angemsamehe kwa hilo, tena kwa kicheko, ndiye aliyekuwa kwenye simu ya sista, amegeuza shingo, anangoja.